Kutoka Karakana Hadi Sokoni: Somo kwa Mbunifu na Mnunuzi wa Mkoa wa Katavi



Somo hili limeandikwa kwa ajili ya watu wawili ambao kwa kawaida hawapewi kijitabu kimoja. Wa kwanza ni mbunifu: fundi wa kuchomelea vyuma, mfugaji wa nyuki, mhitimu wa chuo, au mkulima aliyepata njia mpya ya kufanya kazi ya zamani. Wa pili ni mnunuzi: mtu au kikundi kitakachotoa fedha ili kipate mashine hiyo, bidhaa hiyo au huduma hiyo. Tumewaweka pamoja kwa makusudi. Msaada wa Serikali kwa ubunifu haukamiliki mpaka wawili hawa wakutane, mmoja akauza kwa haki na mwingine akanunua bila hofu.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huu una ukweli wake kwa embe au kitenge, ambavyo mnunuzi huvipima kwa macho na kwa mikono yake. Kwa mashine mpya, ukweli huo hupungua. Mnunuzi haoni kama ekseli ni ya chuma kinachostahili, wala hawezi kujua kama fundi atakuwapo msimu ujao. Kizuri kilicho kipya hakijiuzi chenyewe. Huuzwa na uthibitisho. Hili ndilo jambo moja tunaloomba msomaji alishike katika somo zima.

Baada ya kusoma somo hili, msomaji anatarajiwa aweze:

(a) kutaja taasisi za umma zinazomsaidia mbunifu, na kazi ya kila moja;
(b) kueleza hatua za kufuata na mpangilio wake;
(c) kutofautisha hati na alama ambazo mara nyingi huchanganywa;
(d) kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kununua mashine iliyobuniwa nchini.

1. Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano tuliouunga wenyewe, ambao mazingira yake mkazi wa Mpanda atayatambua. Fundi mmoja wa Makanyagio anatengeneza mashine ya kupura mpunga kwa vyuma chakavu na injini ndogo ya dizeli. Anaijaribu kwa jirani, nayo inafanya kazi. Anapelekwa kwenye maonesho ya Nanenane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, anapigiwa makofi na kurudi na cheti.

Kikundi cha wanawake wa Kakese, wanaolima mpunga na kuupura kwa fimbo, kinasikia habari zake. Kinachukua mkopo wa halmashauri na kununua mashine moja. Fedha zinatolewa mkononi, na karatasi haiandikwi. Juma la kwanza kazi inakwenda vizuri. Juma la tatu, mavuno yakiwa yamepamba moto, ekseli inapinda. Fundi ameshaondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Fundi wa pili anashindwa kutengeneza kwa sababu vipimo vyote vilikuwa kichwani mwa fundi wa kwanza. Mpunga unarudi kupurwa kwa fimbo, na tarehe ya marejesho inafika. Mkopo ule hauna riba, lakini deni ni deni.

Hapa wameumia watu watatu. Kikundi kimebaki na deni na chuma kilichosimama. Fundi amepoteza jina. Wa tatu hatajwi sana: ni fundi mwingine, labda wa Ilembo au Majengo, atakayekuja mwakani na mashine bora zaidi akaambiwa, “Mashine za kienyeji tunazijua.” Kosa la mauzo mamoja hufunga mlango wa mauzo mengi.

Tukiuchunguza mfano huu, tutaona kwamba Serikali ilikuwapo mwanzoni, kwa maonesho na cheti, na ilikuwapo katikati, kwa mkopo. Kilichokosekana ni hatua zilizo kati ya cheti na mkopo. Somo hili linahusu hatua hizo.

2. Funzo la bayogesi

Jambo hili si geni nchini. Teknolojia ya kupata gesi ya kupikia kutokana na samadi ya ng'ombe ililetwa na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1975. Mitambo ya kwanza ilifuata mtindo wa India, wenye pipa kubwa la chuma linaloelea juu ya samadi. Ilifanya kazi, lakini pipa lilikuwa ghali na lilishika kutu. Kwa hiyo mitambo iliyojengwa ilikuwa michache.

Kuanzia mwaka 1983, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichopo Arusha, kilishirikiana na wataalamu wa Ujerumani kuendeleza mtambo wa aina nyingine, wenye kuba lililojengwa chini ya ardhi kwa matofali na saruji. Pipa la chuma likaondoka. Hata hivyo, mtambo haukuenea kwa kasi mpaka mwaka 2009, ulipoanza mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani chini ya CAMARTEC. Mpango huo ulifundisha waashi katika mikoa, ulichangia sehemu ya gharama za kaya, na uliweka utaratibu wa kukagua mitambo iliyojengwa. Katika miaka iliyofuata, mitambo iliyojengwa ilizidi 10,000.

Tuhesabu. Kati ya 1975 na 2009 ni miaka 34. Samadi ni ileile na gesi ni ileile. Yaliyobadilika ni mambo manne: kifaa kilitengenezwa upya kwa vitu vinavyopatikana karibu, mafundi walifundishwa ili kazi isitegemee mtu mmoja, kazi ilikaguliwa na mtu asiye muuzaji, na mzigo wa gharama uligawanywa. Mbunifu wa Katavi anayetaka kujua kama bidhaa yake iko tayari kwa soko ajiulize kuhusu mambo hayo manne.

3. Hatua ya kwanza: linda kabla ya kuonesha

Wabunifu wengi huanza kwa kuonesha, kisha ndipo huuliza habari za ulinzi. Tunashauri kinyume chake. Hataza, yaani haki ya kisheria ya kumzuia mwingine asitengeneze au kuuza uvumbuzi wako kwa muda maalumu, hutolewa kwa kitu kilicho kipya. Kitu kilichokwisha kuelezwa hadharani kinaweza kupoteza sifa hiyo ya upya. Kwa hiyo, kabla ya maonesho, kabla ya redio na kabla ya kusambaza video kwenye simu, mbunifu apate ushauri wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Wakala huu ndio unaosimamia Sheria ya Hataza, Sura ya 217, kwa Tanzania Bara. Maombi hupokelewa kwa mtandao, hivyo mkazi wa Inyonga au Karema halazimiki kusafiri hadi Dar es Salaam.

Sheria hiyo inatambua pia maboresho madogo yenye manufaa, ambayo ni mapya lakini hayafikii kiwango cha uvumbuzi kamili. Nayo yana hati yake. Fundi aliyeboresha mashine iliyokuwapo asidhani kwamba hana cha kulinda.

Hapa ndipo hati nyingi huchanganywa. Tunaomba msomaji azisome polepole:

– Usajili wa jina la biashara hutambulisha biashara yako na mwenye biashara hiyo. Haulindi mashine yako.
– Usajili wa kampuni huunda chombo cha kisheria kinachoweza kumiliki mali, kudai na kudaiwa. Nao haulindi mashine.
– Leseni ya biashara hukuruhusu kufanya biashara mahali fulani. Haithibitishi ubora.
– Alama ya biashara hulinda jina au nembo iliyo kwenye bidhaa, ili mwingine asiuze asali yake kwa jina lako. Kwa Tanzania Bara hudumu kwa miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10.
– Hataza hulinda uvumbuzi wenyewe, yaani namna kitu kinavyofanya kazi.

Mbunifu aliyesajili jina la biashara na kuamini kwamba uvumbuzi wake umelindwa amejenga uzio upande mmoja wa shamba. Aidha, si kila ubunifu unahitaji hataza. Kwa mfugaji wa nyuki, alama ya biashara inaweza kuwa na faida kubwa zaidi, kwa sababu kinachoweza kuibwa kwake ni jina zuri, si namna ya kurina asali.

4. Hatua ya pili: jaribu, rekebisha, andika vipimo

Mashine moja iliyofanya kazi si bidhaa. Bidhaa ni mashine ya kumi inayofanya kazi sawa na ya kwanza. Ili kufika hapo, mbunifu anahitaji karakana bora, ushauri wa kihandisi na majaribio. Taasisi zifuatazo zimeanzishwa na Serikali kwa kazi hiyo.

SIDO ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na mbunifu wa Katavi, kwa kuwa ina ofisi mkoani. Hutoa mafunzo, ushauri wa biashara na mikopo midogo. Pia ina vituo vya kuendeleza teknolojia katika baadhi ya mikoa, ikiwamo Kigoma, Mbeya na Shinyanga, ambako mashine hutengenezwa na kuboreshwa. Tunamshauri mbunifu aanzie ofisi ya SIDO ya mkoa, kwa sababu milango mingine mingi hufunguliwa kwa barua ya utambulisho kutoka hapo.

CAMARTEC, tuliyoitaja, ina jukumu la kufanya majaribio ya zana za kilimo. Mashine ya kupura mpunga au kupukuchua mahindi ikipimwa huko, mnunuzi hapewi tena maneno ya fundi peke yake. Anapewa taarifa ya mtu wa tatu. Tunafahamu kwamba kutoka Mpanda hadi Arusha si safari ya asubuhi na jioni, na kwamba kusafirisha mashine ni gharama. Kwa sababu hiyo, mafundi wenye mashine za aina moja waandike kwa pamoja kupitia SIDO au halmashauri zao, waulize utaratibu na gharama kabla ya kupakia mzigo.

Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, MTUSATE, unaogharimia tafiti na kuendeleza bunifu. Tangu mwaka 2019 yamekuwapo pia Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, MAKISATU, ambayo hayawahusu wanafunzi na watafiti pekee. Wabunifu wa mfumo usio rasmi, yaani mafundi wasio na vyeti vya chuo, nao wana nafasi yao. Fundi wa Makanyagio ana haki ya kushindana.

Mkoani kwetu kipo pia Chuo cha VETA Mpanda kwa stadi za ufundi, na Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Mpimbwe, ambayo ufugaji nyuki ni miongoni mwa masomo yake. Mwalimu wa karakana anaweza kukagua mchoro wako kabla hujakata chuma.

Kwa hatua hii tunasisitiza jambo moja lisilo na ada yoyote: andika vipimo. Chora kila sehemu, andika unene wa chuma, namba ya beringi na urefu wa mkanda. Weka nakala moja kwako na nyingine kwa mnunuzi kwa zile sehemu zinazochakaa. Katika mfano wetu wa Kakese, karatasi moja yenye vipimo vya ekseli ingeliokoa msimu.

5. Hatua ya tatu: kiwango, kipimo na alama

Kwa hatua hii tutumie mfano wa asali, kwa kuwa misitu ya miombo ya Mlele, Inyonga na maeneo mengine ya mkoa imewalea wafugaji wa nyuki kwa vizazi vingi. Ubunifu katika asali si lazima uwe mashine. Unaweza kuwa mzinga unaookoa miti iliyokuwa ikibanduliwa magome, njia safi ya kukamua, au kifungashio kisichovuja barabarani.

Shirika la Viwango Tanzania, TBS, linafanya kazi kwa Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Tangu Julai 2019 limepewa pia jukumu la usalama wa chakula na vipodozi, lililokuwa chini ya iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Kwa hiyo mjasiriamali wa asali anashughulika na TBS kwa usajili wa eneo la kusindikia na kwa alama ya ubora.

Je, maabara hutafuta nini katika asali? Kipimo kimoja muhimu ni maji. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20. Asali iliyorinwa kabla ya nyuki kuziba masega huwa na maji mengi, nayo huweza kuchacha ndani ya chupa. Kipimo kingine huonesha kama asali ilichemshwa mno au ilikaa muda mrefu kwenye joto. Majaribio ya mtaani, kama vile kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa ndani ya asali au kutazama kama sisimizi wanaikaribia, hayathibitishi mambo haya. Mnunuzi asiyategemee, na muuzaji asiyatumie kama ushahidi.

Wengi hudhani alama ya TBS ni ya viwanda vikubwa tu. Sivyo. Mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa na SIDO hupata nafuu: Serikali hubeba gharama za uthibitishaji katika kipindi cha mwanzo, kisha mwenye bidhaa huanza kuchangia kadiri biashara inavyokua. Mwombaji aulize TBS kiwango cha nafuu kilichopo siku anapoomba, na apange bajeti ya miaka itakayofuata ili asije akaipoteza alama pale nafuu itakapokwisha.

Alama nyingine mbili huchanganywa na alama ya ubora. Ya kwanza ni msimbomilia, ile mistari myeusi inayosomwa na mashine dukani. Tarakimu 620 mwanzoni mwake humaanisha kwamba namba ilitolewa na GS1 Tanzania. Haimaanishi kwamba bidhaa imepimwa na TBS. Ya pili ni ujazo. Wakala wa Vipimo husimamia usahihi wa kiasi kinachoandikwa kwenye kifungashio. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa takriban kilo 1.4. Anayeuza chupa ya lita moja na kuandika “kilo 1” anajipunja. Anayeuza nusu lita na kuandika “kilo 1” anampunja mteja. Andika kiasi halisi, kwa kipimo kilichohakikiwa.

6. Hatua ya nne: fedha, na namna ya kuuza

Hatua hii tumeiweka mwisho kwa sababu. Fedha zinazokuja kabla ya majaribio na uthibitisho huzidisha makosa. Zinazokuja baadaye huzidisha mauzo.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, huzitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika mkoa wetu, maombi hupelekwa kwa Manispaa ya Mpanda au kwa Halmashauri za Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, kulingana na mahali kikundi kilipo. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kumwona kwanza.

Msomaji atofautishe vitu vitatu. Tuzo haidaiwi. Ruzuku haidaiwi, lakini ina masharti ya matumizi na taarifa. Mkopo hudaiwa hata kama mashine imesimama. Mbunifu akipewa fedha, aulize kwa maandishi ni ipi kati ya hizo tatu.

Kuhusu namna ya kuuza, tunao mfano mzuri wa nyumbani. Dkt. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio la maji na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, yenye pauni 25,000. Kazi haikuishia kwenye tuzo. Kwa kuwa kaya nyingi haziwezi kununua chujio kwa mkupuo, palianzishwa vituo vinavyoendeshwa na wajasiriamali, ambapo mwananchi hununua maji yaliyochujwa badala ya kununua kifaa.

Fundi wa Makanyagio anaweza kufuata njia hiyohiyo. Badala ya kukiuzia kila kikundi mashine, aizungushe Kakese na Mwamkulu wakati wa mavuno, atoze kwa gunia. Mashine ikiharibika, yeye ndiye atakayeitengeneza, na hasara haitamwangukia mkulima. Baada ya misimu miwili atakuwa na hesabu ya magunia aliyopura, dizeli aliyotumia na vipuri alivyobadilisha. Hesabu hiyo ni ushahidi mbele ya benki, mbele ya SIDO na mbele ya mnunuzi.

7. Haki na wajibu wa mnunuzi

Mnunuzi naye asingoje kulindwa akiwa amefumba macho. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya na kutegemea ujuzi wake, bidhaa hutakiwa kuifaa kazi hiyo. Lakini haki hii hudaiwa kwa ushahidi. Tunashauri maswali saba yaulizwe, na majibu yaandikwe, kabla ya fedha kutolewa:

1. Mashine hii itafanya kazi gani, na kwa kiasi gani kwa saa au kwa siku?
2. Nani mwingine anaitumia, na tunaweza kumtembelea?
3. Imepimwa na taasisi gani, na taarifa iko wapi?
4. Sehemu zipi huchakaa haraka, na zinapatikana duka gani hapa Mpanda?
5. Dhamana ni ya miezi mingapi, na inahusu nini?
6. Ukiwa safarini, nani ataitengeneza?
7. Je, utatupa risiti na mkataba vyenye jina, namba ya simu na saini?

Kikundi kisilipe fedha zote siku moja. Sehemu ilipwe mwanzoni, sehemu mashine ifikapo, na sehemu iliyobaki baada ya majaribio ya siku kadhaa za kazi halisi. Fundi mwaminifu hatachukizwa na utaratibu huu, kwa sababu humtofautisha na tapeli.

Mnunuzi aliyedanganywa kuhusu sifa za bidhaa anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, inayofanya kazi kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa mashaka ya ubora apeleke TBS, na kwa mashaka ya kipimo apeleke Wakala wa Vipimo. Atunze risiti, picha na sampuli. Malalamiko yasiyo na kielelezo huwa magumu kufuatilia.

Nasi watumishi wa taasisi za usimamizi tuna wajibu wetu. Mwananchi akitumwa kutoka dirisha hili kwenda lile bila kuelezwa sababu, huona kwamba sheria ni ukuta. Ukifika ofisi ya umma, omba uandikiwe kwenye karatasi moja: hati zinazotakiwa, ada, muda na ofisi inayofuata. Kuomba hivyo si ujeuri. Ni haki yako.

Muhtasari

Linda kabla ya kuonesha. Jaribu na kuandika vipimo kabla ya kutengeneza nyingi. Pata kiwango na kipimo sahihi kabla ya kupeleka dukani. Chukua fedha pale ambapo tayari unacho cha kuonesha. Ukiuza, rudi kumtazama mnunuzi wako. Cheti cha maonesho kinamwambia mbunifu kwamba amefikiri vizuri. Kikundi cha Kakese kinahitaji kujua zaidi ya hapo, kwamba mashine itapura hadi gunia la mwisho na kwamba ikisimama atakuwapo wa kuitengeneza.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mfano wa Kakese, taja mambo matatu ambayo kikundi kingeweza kufanya kabla ya kulipa, na matatu ambayo fundi angepaswa kufanya kabla ya kuuza.
2. Kwa nini mtambo wa bayogesi ulichukua miaka mingi kuenea? Ni teknolojia gani kijijini kwenu iko katika hali kama hiyo leo?
3. Jirani yako amesajili jina la biashara na anasema uvumbuzi wake umelindwa. Utamweleza nini?
4. Chukueni chupa ya asali inayouzwa sokoni kwenu. Someni kila alama na kila namba iliyoandikwa. Zipi zinathibitisha ubora, zipi zinaonesha kiasi, na zipi hazithibitishi lolote kati ya hayo?